Bambo na Robota: Historia ya Kuupima Wingi kwa Uchache

Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na chombo kidogo kiitwacho bambo. Ni mrija wenye ncha kali upande mmoja na mfereji katikati. Mnunuzi huuchoma ubavu wa gunia kwa bambo, akalichomoa, na punje chache zikamteremkia kiganjani. Kwa punje hizo huamua gunia zima, na pengine shehena nzima ya jahazi. Hakuna aliyeliona jambo hili kuwa elimu kubwa. Lilikuwa ada ya soko. Hata hivyo, ndani ya tendo hilo dogo limo swali ambalo wanahesabu wa karne ya ishirini walihangaika nalo kwa miaka mingi: kichache husema kwa niaba ya kingi kwa haki gani, na ni nani aumiaye kichache hicho kinaposema uongo?

Swali hili halikuwa geni milimani. Mtae ni kijiji kilichokaa juu ya ukingo wa Usambara ya Magharibi, upande wa kaskazini, mahali ambapo mlima unakatika ghafla na kuiacha nyika ya Mkomazi chini kabisa, hata mtu akisimama ukingoni huona milima ya Upare ng'ambo ya bonde. Watu wa huko ni wakulima, na kila mkulima aliyepata kuteremsha tenga la matunda au gunia la maharage sokoni anajua kwamba mnunuzi hutazama juu, na kwamba muuzaji mjanja hupanga yaliyo mazuri juu. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu huingiza mkono mpaka chini. Hapo, bila kitabu wala kalamu, zimekwisha kutungwa kanuni mbili za kwanza za elimu ya sampuli: ya kwanza, kilicho rahisi kushikwa si lazima kifanane na kilichofichika, ya pili, mwenye mali asiachiwe kuchagua sehemu itakayopimwa.

Lakini tenga la matunda ni jambo dogo. Jambo kubwa lilikuja na mkonge.

Mwaka wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Tanga hai ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo michache yakazaliwa mashamba yaliyoifunika nchi ya Tanga, yakafuata reli ya Usambara iliyofika Mombo mwaka wa 1905, yakakaa chini ya milima hii hii, Mombo, Mazinde na Mkumbara. Kwa muda wa nusu karne Tanganyika ikawa miongoni mwa nchi zilizoongoza duniani kwa zao hili. Mwaka wa 1964 mavuno yalipita tani 200,000.

Mkonge hauuzwi kama ulivyokatwa. Majani hupelekwa kwenye mashine iitwayo korona, ambayo huyaponda na kuyakwangua mpaka zibaki singa. Singa huoshwa, huanikwa, hupigwa brashi, kisha hutengwa kwa madaraja na kushindiliwa katika marobota. Daraja ya kwanza ilidai singa ndefu za futi tatu na zaidi, nyeupe, zisizo na madoa. Zilizo ndefu lakini zenye rangi hafifu ziliwekwa katika daraja ya A. Zilizo fupi zaidi zikashuka kwenye daraja za chini, mpaka kufikia makapi. Kazi hiyo yote ilitegemea jicho na kiganja cha mchaguzi. Robota likifika ng'ambo hufunguliwa upande, fundi wa mnunuzi akavuta shungi moja, akalinyoosha na kulitazama penye mwanga. Huyo naye alikuwa na bambo lake.

Katika mpango wa namna hii ubora haukutengenezwa, bali ulitengwa tu. Kibaya kiligunduliwa baada ya kwisha kutengenezwa, wakati jani limekwisha kukatwa, maji yamekwisha kutumika, jasho limekwisha kutoka. Mchaguzi aliweza kusema, "Singa hii ni ya daraja ya chini," lakini hakuweza kusema kwa nini leo za daraja ya chini ni nyingi kuliko jana. Labda jani lilikatwa kabla ya wakati wake. Labda visu vya korona vimekuwa butu. Labda mvua imezuia kuanika. Au labda hakuna sababu yoyote ya pekee, ila ni mabadiliko ya kila siku ambayo hayakosi katika kazi ya mikono na mimea. Wahenga walisema mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Mkonge nao ni hivyo: hata majani ya mmea mmoja hayalingani.

Penye swali lisilo na jibu, lawama huwa haiko mbali, na lawama humwendea aliye chini. Mkataji wa mkonge alifanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya siku thelathini za kazi. Siku ambayo nyapara hakuridhika kwamba kazi aliyopangiwa mtu imetimia, siku hiyo haikuandikwa, na isiyoandikwa haikulipwa. Kwa hiyo suala la kutofautisha kosa la mtu na mabadiliko ya kawaida ya kazi halikuwa mchezo wa wasomi. Lilikuwa suala la posho ya mtu aliyetoka mbali kuja kutafuta riziki.

Ulimwenguni kote jambo hili lilichelewa kueleweka. Kule London, tangu karne ya kumi na tatu, ilikuwapo desturi ya kuijaribu sarafu ya mfalme: kila zilipopigwa sarafu nyingi, chache zilitiwa katika kasha maalumu, na baadaye kasha hilo lilifunguliwa na sarafu zake zikapimwa mbele ya majaji. Sheria iliruhusu sarafu zipungue au zizidi uzito kwa kiasi kidogo kilichotajwa. Hii ilikuwa hatua kubwa, maana ilikiri kwamba hakuna mkono uwezao kupiga sarafu mbili zilizo sawa kabisa. Lakini kiasi hicho kiliwekwa kwa amri. Hakikutokana na kuitazama kazi yenyewe na kuuliza yaweza kufanya nini.

Hatua ya pili ilitoka kwenye kiwanda cha pombe. William Gosset aliajiriwa na Guinness mjini Dublin mwaka wa 1899. Kazi yake ilihusu shayiri na vitu vingine vya kutengenezea bia, na tatizo lake lilikuwa kwamba sampuli zake zilikuwa chache mno: majaribio manne au matano, si elfu. Mwaka wa 1908 alitoa makala akijiita "Student", kwa sababu waajiri wake hawakupenda siri za kiwanda zitoke nje, akaonyesha jinsi ya kukadiria kiasi cha mashaka kilichomo katika sampuli ndogo. Tangu hapo mwenye punje chache kiganjani aliweza kusema, pamoja na lile alijualo, kiasi cha lile asilolijua.

Hatua ya tatu ndiyo iliyogeuza mambo. Walter Shewhart, aliyezaliwa mwaka wa 1891, alikuwa mtumishi katika idara ya uhandisi ya kampuni ya Western Electric, iliyotengeneza vyombo vya simu katika kiwanda kikubwa cha Hawthorne karibu na Chicago. Tarehe 16 Mei 1924 alimwandikia mkubwa wake barua fupi, isiyozidi ukurasa mmoja, yenye mchoro. Mchoro huo ulikuwa mwanzo wa chati ya udhibiti. Mwaka wa 1931 alitoa kitabu kizima juu ya somo hilo, na fikra zake zikawa msingi wa elimu ya ubora wa viwandani.

Fikra yenyewe ni nyepesi kuielewa, ingawa nyuma yake mna hesabu nyingi. Shewhart alisema kwamba mabadiliko katika kazi ni ya namna mbili. Yako mabadiliko ya kawaida, yatokanayo na sababu ndogo ndogo nyingi zilizomo katika kazi yenyewe: unyevu wa hewa, tofauti za mali ghafi, mtetemeko wa mashine. Hayo ni kama mawimbi madogo ya bahari iliyotulia. Na yako mabadiliko ya pekee, yatokanayo na jambo mahususi lililoingia: kisu kimevunjika, mzigo mpya umeletwa, mtu mgeni amewekwa bila kufundishwa. Hayo yana sababu ya kutafutwa, na yakitafutwa hupatikana. Chati ni chombo cha kutenganisha aina hizi mbili.

Mfano utasaidia. Mkonge mwingi wa Tanga ulikwenda kuwa kamba nyembamba ya kufungia mavuno ya ngano kwa mashine, na kamba ya namna hiyo iliuzwa kwa kipimo cha futi 500 kwa ratili moja, yaani wakia 16. Kamba ikiwa nene mno, mkulima hapati urefu alioulipia. Ikiwa nyembamba mno, hukatika shambani. Tuseme basi kwamba katika kiwanda fulani, kila saa, vipande vitano vya futi 500 hupimwa. Wastani wa vipande vitano huandikwa kama nukta katika karatasi, na tofauti kati ya kilicho kizito kuliko vyote na kilicho chepesi kuliko vyote huandikwa katika karatasi ya pili. Baada ya saa ishirini au zaidi yaonekana kwamba wastani wa nukta zote ni wakia 16, na tofauti ya kila sampuli kwa kawaida ni wakia moja. Hesabu ya Shewhart, kwa sampuli za vipande vitano, yasema zidisha hiyo wakia moja kwa 0.577, kisha ongeza na uondoe. Mipaka itakuwa wakia 15.42 chini na wakia 16.58 juu. Mistari miwili huchorwa, na mstari wa wastani katikati.

Sasa chati yasomwa. Nukta ikishuka mpaka 15.6 saa hii na kupanda mpaka 16.4 saa ijayo, fundi huiacha mashine ilivyo na msimamizi hunyamaza, kwa kuwa hakuna habari yoyote hapo. Nukta ikifika 16.8, kazi husimama na sababu hutafutwa, kwa kuwa kazi iliyotulia hutoka nje ya mipaka hiyo kwa nadra sana, kiasi cha mara tatu tu katika elfu. Vilevile, nukta nane zikifuatana upande mmoja wa mstari wa kati, hata kama zote zimo ndani ya mipaka, hiyo ni dalili kwamba kitu kimehama polepole. Dalili ya mvua ni mawingu. Chati huonyesha mawingu kabla ya mvua, wala haingoji robota lirudishwe kutoka ng'ambo.

Yafaa kuangalia kwa makini kwamba mipaka hii si amri ya bwana wala matakwa ya mnunuzi. Imetoka ndani ya kazi yenyewe. Ni kama kazi imeulizwa, "Waweza nini?" nayo ikajibu. Ikiwa mnunuzi ataka kamba isiyopungua wakia 15.8 na mashine huenda mpaka 15.4 katika utulivu wake, basi kumkemea fundi hakutaongeza kitu. Lazima mashine ibadilishwe, au mali ghafi, au utaratibu. Na hayo yote yamo mikononi mwa mwenye kiwanda, hayamo mikononi mwa fundi. Hapa ndipo hesabu ilipoingia katika mambo ya haki.

Mwanafunzi mkubwa wa fikra hizi, W. Edwards Deming, alizipeleka Japani mwaka wa 1950 alipoalikwa na Umoja wa Wanasayansi na Wahandisi wa nchi hiyo, na mwaka uliofuata Wajapani wakaanzisha tuzo yenye jina lake. Katika mafundisho yake ya baadaye alikuwa na mchezo mmoja mashuhuri. Aliweka katika sanduku shanga 4,000, nyeupe 3,200 na nyekundu 800. "Wafanya kazi" waliochaguliwa miongoni mwa wasikilizaji walitumbukiza ubao wenye vishimo hamsini, wakautoa umejaa shanga. Nyekundu zilihesabiwa kuwa kazi mbovu. Aliyetoa nyekundu chache alisifiwa. Aliyetoa nyingi alikaripiwa, na mwisho akafukuzwa. Watazamaji walicheka, kisha kicheko kikawaishia walipotambua kwamba hakuna hata mmoja kati ya wale aliyekuwa na uwezo wowote juu ya rangi ya shanga. Mtu aliyepata kusimama mbele ya nyapara na kipande mkononi asingehitaji kuelezwa maana ya mchezo huo.

Basi yako makosa mawili, na chati imewekwa katikati yake. Kosa la kwanza ni kulichukulia badiliko la kawaida kuwa ni la pekee: kumwadhibu mtu kwa jambo la nasibu, au kuikaza na kuilegeza mashine kila saa mpaka ikaharibika zaidi kuliko ilivyokuwa. Kosa la pili ni kulichukulia badiliko la pekee kuwa ni la kawaida: kusema "mambo ndivyo yalivyo" wakati kisu kimevunjika. Hakuna njia ya kuyakwepa yote mawili daima. Anayeogopa mno moja huangukia jingine. Methali isemayo samaki mmoja akioza wote wameoza ni onyo zuri la malezi, lakini mkaguzi akiifuata kama sheria hutupa samaki wema wengi. Na asiyeijali kabisa huwalisha watu sumu.

Mizani hiyo hiyo imo katika kupokea shehena. Harold Dodge na Harry Romig, wenzake Shewhart, walipanga majedwali ya kuonyesha vitu vingapi vitolewe katika shehena na vibovu vingapi vivumiliwe kabla ya kuikataa. Nao walizitaja wazi hatari mbili: hatari ya mtengenezaji, ambaye shehena yake nzuri yaweza kukataliwa kwa bahati mbaya ya sampuli, na hatari ya mnunuzi, ambaye aweza kuuziwa shehena mbaya kwa bahati njema ya sampuli. Majedwali hayakuziondoa hatari hizo. Yaliziandika kwa tarakimu, ili pande mbili zikubaliane mapema nani atabeba kiasi gani. Katika biashara ya bambo na shungi la singa, hatari hizo zilikuwapo siku zote, ila hazikuandikwa, na isiyoandikwa kwa kawaida humwangukia mnyonge.

Sharti moja lakini halina budi kutimizwa, nalo ni kwamba sampuli itolewe kwa nasibu, kila kitu kikiwa na nafasi yake ya kuchaguliwa. Huko Bengali, P. C. Mahalanobis alianza mwaka wa 1937 kukadiria eneo la mashamba ya juti, nyuzi zilizo jamaa wa katani sokoni, kwa kupima vipande vichache vya ardhi vilivyochaguliwa kwa nasibu badala ya kuzunguka nchi nzima. Alionyesha kwamba uchache uliochaguliwa vema ni mwaminifu kuliko wingi uliohesabiwa ovyo.

Milima ya Usambara ilipata kuona kinyume chake. Mwaka wa 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, jirani ya Mtae, kisha mpango ukapanuliwa milimani. Wakulima waliamriwa kulima kwa matuta ya kuzuia maji. Bonde moja likawa kama shungi moja lililovutwa katika robota, na mlima mzima ukahukumiwa kwalo. Lakini Wasambaa wenyewe huitenga nchi yao: wana shambaai, nchi ya juu yenye baridi na unyevu, na wana nyika, nchi ya chini yenye joto, na kati ya hizo kila mteremko una mvua yake na udongo wake. Amri moja haikuweza kufaa kotekote. Wanawake, ambao kazi nyingi ya jembe iliwaangukia, walipinga. Upinzani ukaungana na harakati za TANU. Na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango uliachwa. Ziko sababu nyingi za kushindwa kwake, za siasa na za ardhi, lakini mojawapo ni ile ile ya tenga la matunda: waliochagua mahali pa kutazama hawakuwauliza wanaojua kilichoko chini.

Tanzania huru ilijipatia vyombo vyake vya kupimia. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka wa 1967, sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ikawa mali ya taifa. Sheria Na. 3 ya mwaka wa 1975 iliunda chombo ambacho leo huitwa Shirika la Viwango Tanzania, chenye kazi ya kuweka viwango na kuvipima vitu kwa vipimo vilivyokubaliwa. Kwa hivyo mnunuzi na mtengenezaji walipata mtu wa tatu wa kushika bambo, asiye na faida katika punje zitakazotoka.

Hata hivyo historia ya mkonge yaonya dhidi ya kuitarajia chati kupita kiasi. Katika miaka ya 1960 na 1970 kamba za plastiki ziliingia sokoni, rahisi kwa bei na zenye unene ulio sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mavuno ya mkonge ya Tanzania yakaporomoka, hata mwishoni mwa karne hayakufikia tani 30,000 kwa mwaka. Chati huweza kusema kwamba kazi imetulia. Haiwezi kusema kwamba ulimwengu bado waihitaji kazi hiyo. Yawezekana kabisa kutengeneza, kwa utulivu kamili na nukta zote ndani ya mipaka, kitu ambacho hakuna anayekitaka. Kupima ni sehemu ya hekima. Hekima yenyewe ni pana zaidi.

Lakini sehemu hiyo si ndogo. Barua ya Shewhart ya mwaka wa 1924 ilileta katika viwanda jambo ambalo mahakama zilikuwa zimelijua zamani: kwamba kabla ya kuhukumu sharti pawe na kipimo cha shaka. Msimamizi asiye na kipimo hicho huona kosa popote penye mabadiliko, na mabadiliko yako kila mahali. Mwenye nacho hujua lini aulize mtu, lini aulize mashine, na lini ajiulize mwenyewe. Wakataji wa Mazinde na Mombo walifanya kazi chini ya wasimamizi wa namna ya kwanza, na siku walizonyimwa hazitaandikwa tena katika kadi yoyote. Kwa viwanda vinavyojengwa leo hesabu yenyewe i tayari, wala si ngumu: vipande vitano kila saa, karatasi, kalamu na mistari mitatu. Kilichobaki ni kuamua kwamba karatasi hiyo ibandikwe penye mashine, mahali ambapo fundi naye aweza kuisoma.